Kivuko Kilipomwacha Shangazi Luanda Kotieno
Shangazi alizidiwa na presha tukiwa tayari tumepanda kivuko cha kwenda Mbita, tukamshusha kumkimbiza zahanati, na tuliporudi kilikuwa kimeng'oa nanga, mkoba wake wa kitenge wenye dawa na kitambulisho ukiwa bado chini ya benchi. Kwamba kiliondoka kwa wakati sina ugomvi nako, maana abiria wengine nao wana safari zao, lakini mkoba ule ungeachiwa karani wa tiketi. Katika meli kubwa za watalii, ambako gharama za kuifuata meli kwa kawaida humwangukia abiria aliyechelewa, mabaharia hujitahidi kuitafuta pasipoti yake chumbani na kumwachia wakala wa bandarini. Nimewaandikia wasimamizi wa kivuko waweke utaratibu kama huo.