Nyenze wa bustani yetu ya Bel-Air

Miaka yote nilidhani ule mlio unatoka kwenye transfoma iliyo kando ya bustani ya mtaa wetu, hapa Bel-Air, Lubumbashi. Ziiii moja ndefu, kali, inayopasua mchana. Mwaka jana, mwezi wa kumi, umeme ulikatika tangu asubuhi, na mlio ukaendelea vilevile. Nikasimama palepale na mfuko wangu wa makala, yaani mkaa, mkononi. Kama waya zimekufa, nani basi analia?

Nikaanza kwenda jioni, nikiamini wadudu huimba usiku. Nilisikia nyenje tu, wale wa kwenye nyasi wanaosugua mabawa, wakilia na kukatiza. Siku nne zikapotea hivyo. Aliyeninyoosha ni papa mmoja mzee anayeuza vocha getini. "Mwanangu, ile inalilaka saa ya jua kali. Kuya mchana."

Nikachagua Jumapili saa nane, makanisa yakiwa yamezima vipaza sauti na watu wako kwenye bukari, ugali wetu. Hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza. Nilikunja viganja nyuma ya masikio, nikafumba macho, nikageuza kichwa polepole mpaka sauti ikawa sawa kulia na kushoto. Nilipofumbua, mbele yangu palikuwa na mwembe wa zamani. Nikapiga hatua tatu, kimya! Nyenze, mdudu huyu wa mitini, ana macho makali. Akiona kitu kinasogea ananyamaza. Nikaganda bila hata kujikuna. Baada ya dakika kadhaa akaanza tena, kwanza vijisauti vya kukwaruza, kisha ziiii yote.

Ilichukua karibu nusu saa kumwona, maana rangi yake ni ya gome lenyewe. Mabawa yanang'aa kama kioo, yamekunjwa kama paa la nyumba. Na hayakuwa yakisogea. Anayeimba ni dume: ubavuni mwa tumbo ana ngozi mbili ngumu zenye mikunjo, msuli unazivuta na kuziachia mara nyingi mno kwa sekunde moja, na tumbo lililo wazi ndani linakuza sauti kama ngoma. Mdudu wa urefu wa kifundo cha kidole anafunika kelele za pikipiki! Mpaka leo jambo hili linanisisimua.

Chini ya mwembe huo huo nilikuta ganda lake la utotoni limeng'ang'ania shina, limepasuka mgongoni. Kabla ya kupanda juu, nyenze huishi miaka ardhini akifyonza mizizi. Akishapata mabawa, amebakiwa na wiki chache tu. Ndiyo maana niliumia sana mwezi wa tano walipokata mwembe wa pili kwa ajili ya makala. Walikata na waliokuwa chini yake.

Nilimpelekea papa ganda lile. Nikamuuliza kama anawasikia pale getini, akatikisa kichwa: utotoni kijijini aliwasikia sana, lakini masikio ya uzee hayashiki tena sauti nyembamba. Akaligeuza ganda kiganjani, akalibandika kwenye shati lake, vikucha vikashika kitambaa.

"Sasa hivi wanalia?"

"Wanalia, papa. Wawili."

Akatabasamu, akaelekeza sikio kwenye mwembe.