Mbegu zangu mwenyewe: bustani ya Nzuguni, Mei hadi Agosti

Mei 28
Mvua zimekata, bustani sasa inaishi kwa maji ya ndoo. Safari hii sisubiri masalia. Mwaka jana nilikamua mbegu kutoka kwenye nyanya chotara (za mbegu zilizochanganywa aina mbili), za mwisho kabisa, na nilipozipanda kila mche ukazaa lake: huu matunda madogo, ule yaliyopasuka. Sasa nimepanda Tengeru 97, aina ya nyanya ambayo si chotara, na nimefunga vitambaa vya kitenge kwenye miche mitatu iliyotangulia kuzaa na kubeba wingi. Watoto wanajua: penye kitambaa hapachumwi.

Juni 15
Tunda la kwanza limeiva hadi kulainika. Nimekamulia mbegu na majimaji yake kwenye kikombe, nikafunika kwa kitambaa, nikaweka kivulini. Ule ute unaozunguka kila mbegu ndio unaoizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda, kwa hiyo lazima uchachushwe uachie. Kwa baridi hii ya Juni imechukua siku nne mpaka utando mweupe ulipotanda juu. Nilipoongeza maji na kukoroga, mbegu nzito zikazama, zile tupu zikaelea na makapi. Zilizobaki chini zina vinyweleo laini, rangi ya mchanga. Nimezitandaza kwenye sahani, maana kwenye gazeti zinang'ang'ania.

Julai 9
Bamia. Niliacha maganda kwenye mti hadi yakawa ya kahawia na kuanza kupasuka, ukiyatikisa yanalia. Nusu ya mbegu nikazianika juu ya bati, jua kali. Bibi wa jirani akapita, akanisalimu kwa Kigogo.
"Mbukwa, mjukuu wangu. Hizo unazianika au unazikaanga?"
Nusu nyingine nikaiweka kwenye ungo, barazani. Upepo wa Dodoma wakati huu ni mkavu hadi midomo inapasuka, na kwa mbegu sijui kikaushio bora zaidi.

Agosti 3
Kunde: nimeng'ata moja, imekatika kavu bila kubonyea. Nimezichanganya na majivu yaliyochekechwa na kuzijaza kwenye chupa mpaka shingoni, nikakaza kizibo. Zikiachwa wazi zitabunguliwa kabla ya Novemba.

Agosti 20
Jaribio la kuota, mbegu 20 kila kundi kwenye kitambaa chenye unyevu. Nyanya zimeota 17. Bamia za kwenye ungo 16. Za kwenye bati 6 tu! Nimezihesabu mara mbili. Hizo za bati sizipandi.

Nimempelekea Bibi kijiko kimoja cha mbegu za nyanya kwenye karatasi, nimeandika aina na mwezi. Akafungua pindo la khanga, akanimiminia kiganjani kunde nyekundu ndogo ndogo, anasema ni za tangu kwa mama yake. Nimezitia kwenye chupa yao peke yao.