Kaniki Iliyolowa

Jana kaniki mpya imelowekwa beseni moja na shuka nyeupe. Nani kaloweka, tusiulizane. Ile harufu ya rangi na wanga ilipopanda, nikarudi moja kwa moja Rufiji. Rufiji yetu ya jukwaani, mto wa kitambaa wa mita sita, ile mliyokuwa mkinicheka kwamba naikunja kama sanda.

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya mganga wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, haichezeki bila mto, na mto wa jukwaani una kanuni zake. Kitambaa kiwe chepesi, nailoni inafaa; pamba hainyanyuki, inalala kama blanketi. Watu wawili hupiga magoti huku na huku, kila mmoja na pembe mbili. Mmoja anarusha wimbi, mwenzake anasubiri limfikie ndipo arudishe. Mkinyanyua pamoja kitambaa kinavimba, na watazamaji wanamwona Kinjeketile akitambaa kwa tumbo kuelekea nyuma ya pazia. Sauti ya maji hutoka kwenye beseni linalopigwa kofi.

Beseni hilo hukaa nyuma ya pazia. Mimi nililisogeza mbele, nyuma kidogo tu ya mto, kwa sababu viti vya nyuma havikuwa vikisikia kitu. Yaani nililiweka njiani mwa Kinjeketile.

Simulizi za Majimaji husema alitoka mtoni nguo zake zikiwa kavu. Wetu aliinuka mikono kaitanua, kaniki imemganda mapajani, na upindo unadondosha matone meusi juu ya mbao. Kaniki mpya husuuzwa mara tatu, nne, hadi maji yawe meupe. Ile ilitoka dukani asubuhi hiyohiyo. Aliyecheza mzee akamshika bega, kama tulivyofanya mazoezi. Akautoa mkono, akautazama. Kiganja cheusi tii. Mtoto mmoja mbele akasema, "Kalowa huyo!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Mzee hakukimbilia kusema. Aliuinua ule mkono, akawazungushia watu wa jukwaani mmoja mmoja, kisha akatangaza kwamba mtu huyu ni mkavu. Kicheko kikakatika katikati.

Yaliyobaki yalikwenda, tukapigiwa makofi, nikakatwa posho.

Sijaamua hadi leo kama niliuharibu usiku ule. Hussein mwenyewe hakukaa sana na mito. Kinjeketile ni ya 1969; kufikia 1971, kwenye Mashetani, anaanza na vijana wawili, Juma na Kitaru, wakicheza shetani na binadamu, na mbuyu. Katika Jogoo Kijijini, 1976, amebaki na sauti ya msimulizi. Wengine huona amekauka. Mimi naona alikuwa anatuondolea mabeseni, ingawa mtu aliyemwaga beseni si shahidi mzuri.

Shuka nimeisuuza mara ya nne. Maji bado ya bluu.