Boksi moja au mawili?

Wapenzi wa muziki, leo nimetoka Kariakoo na boksi moja jeusi: amplifaya, chombo cha kukuza sauti ya muziki. Moja tu.

Mipango ya muda mrefu ilikuwa maboksi mawili: priamplifaya (ya kupokea na kurekebisha sauti) peke yake, pawa amplifaya (ya kusukuma spika) peke yake. Kila kimoja na transfoma yake, umeme wa huku usichafue sauti ya kule. Kwenye karatasi inapendeza. Ila bei ni mara mbili, nyaya zinaongezeka, na chumba changu cha kupanga hata stuli inakosa pa kukaa.

Kwa fundi wa redio za mitumba nikaikuta NAD 3020, amplifaya ya 1978 yenye zote mbili ndani ya boksi moja. Wati 20 kila upande.

"Mzee, wati 20 zitasukuma nini?"

"Mwanangu, ukizifanya 40 unaongeza sauti kwa desibeli 3 tu. Sikio lako hata halishtuki."

Akaweka dansi la zamani. Besi nene, gitaa la solo limesimama peke yake. Nikanyamaza.

Halafu akaigeuza. Hapo ndipo aliponimaliza: vichuma viwili vidogo vyenye umbo la U, vinaunganisha priamplifaya na pawa zilizomo humo humo ndani. Ukivichomoa, siku ukipata hela unachomeka pawa nyingine kubwa, hii inabaki priamplifaya!

Nimevichezea vile vichuma mpaka mzee akanikumbusha kulipa.

Jirani wa juu, pole mapema.

Nyie wenye maboksi mawili, semeni ukweli: tofauti mnaisikia, au ni raha ya kuangalia taa nyingi?