Maharage kumi mfukoni mwa koti

Nianze na fomu, maana ndiyo iliyonikera.

Tuliletewa fomu ya kujitafakari, kurasa mbili, ijazwe baada ya kila mgonjwa. Ni ule mzunguko wa kujitafakari wa 1988 wa Gibbs, mtaalamu wa elimu wa Uingereza, wenye hatua sita: nini kilitokea, ulijisikiaje, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, kwa nini, ungefanya nini kingine, na safari ijayo utafanyaje. Na Gibbs sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mwezeshaji aliyetuambia tutenge nusu saa baada ya kila mgonjwa, tukae mahali patulivu na kikombe cha chai. Ndugu yangu, hapa kazini mtaalamu wa tiba ya usemi ni mimi peke yangu, na kabla ya saa tatu asubuhi benchi la nje limeshajaa kina mama. Mahali patulivu ni chooni, na huko nako kuna foleni.

Nilijaza wiki mbili kwa uaminifu. Baada ya hapo nikawa najaza za wiki nzima siku ya Ijumaa, kalamu moja, mwandiko mmoja: "Nilijisikia vizuri. Mgonjwa alishirikiana." Kuna siku nimeandika mgonjwa alishirikiana, na mgonjwa mwenyewe hakuja.

Aliyenizindua ni mtoto wa miaka minne, nitamwita Bwana Mdogo. Masikio yalishapimwa, yako sawa. Majirani walishamshauri mama amkatishe udata, ule utando wa chini ya ulimi. Nikamwangalia ulimi, unatoka na kulamba midomo bila shida, nikamwambia mama aachane na nyembe za watu. Lakini miezi miwili inakatika, mtoto kwangu katulia kama maji ya mtungi. Mama anaapa kwamba nyumbani akicheza peke yake anabwabwaja.

Nikamwomba mama ruhusa nirekodi sauti kwa simu, nisikilize mwenyewe kisha nifute. Nilikuwa natafuta kosa la mtoto. Jioni niko kwenye basi la mwendokasi, hapa Dar, eafoni masikioni, namsikia mwanamke anapiga kelele: "Hii nini? Eh? Hii nini? Gari! Sema gari. Gari linafanyaje? Vuuum! Sema vuuum. Na hii? Rangi gani?" Wauza mitumba wa soko la Karume angalau wanavuta pumzi. Mimi sikuvuta.

Nikahesabu. Dakika 5, maswali 41. Niliporudia mara ya tatu, chini kabisa, nyuma ya kelele zangu, nikasikia "ga...", halafu sauti yangu ikamfunika: "Gari! Sema gari!" Kumbe mtoto alikuwa anasema, nafasi ndiyo nilikuwa simpi. Nilitakiwa kushuka Magomeni Mapipa. Nilipoinua macho niko Manzese.

Sasa, usidhani kujua kulinisaidia. Kesho yake niliapa nitanyamaza, na nikaropoka vilevile, mdomo una mazoea yake. Makerere, kwenye ile kozi ya tiba ya usemi iliyoanza 2008, tulisomeshwa Schön, Mmarekani aliyeandika mwaka 1983 kwamba kuna kutafakari baada ya kazi na kuna kutafakari mikono ikiwa bado kazini. Mtihani niliujibu vizuri mno. Namna ya kuufunga mdomo haikuwemo kwenye mtihani.

Ndipo nikachota maharage kumi jikoni, ya njano, nikayatia mfuko wa kushoto wa koti. Kila nikiuliza swali, harage moja linahamia mfuko wa kulia. Kushoto kukiisha, sina ruhusa ya kuuliza tena: niseme ninachokiona, au ninyamaze. Siku ya kwanza yaliisha mama hajamaliza kuvua viatu. Nikakaa nusu saa nzima sina swali, natekenya mfuko mtupu kama mtu aliyeibiwa nauli. Mama akaniangalia wee, mwisho akashindwa: "Daktari, mbona leo hufundishi?" Nikamwambia nafundisha. Sikuwa na uhakika.

Siku ya tatu nikajifunza kubana. Nikaweka gari mezani, nikalisukuma kidogo, nikafunga mdomo na kuanza kuhesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Mtoto analitazama gari. Nne, tano. Ananitazama mimi. Sita. Mama anafungua mdomo amsaidie, nikamkonyeza. Saba. "Gali." Sikumsahihisha, ile "r" ina siku zake. Nikaitikia tu, "Eeh, gari!" na nikalisukuma tena. Kushoto yalikuwa yamebaki manne. Siku hiyo nauli ya bodaboda hadi nyumbani sikuibania.

Daftari nalo likaniumbua. Ni la shilingi elfu moja na kitu, kila mgonjwa mstari mmoja jioni, basi. Nina mzee aliyepata kiharusi, ana afasia, yaani ubongo uliumia na maneno yakamkwama. Naingia: "Shikamoo, mzee." "Marahaba!" Safi, bila kukwama. Nikawatangazia wanawe maneno yanarudi, nusura tupige vigelegele. Kuja kusoma mistari ya wiki tatu kwa pamoja, yote inasema kitu kilekile: "Kaitikia salamu vizuri." Na salamu, kuhesabu moja hadi kumi, dua, maneno ya namna hiyo mara nyingi hutoka yenyewe hata pale afasia imeyabana mengine yote. Hilo nalijua tangu chuoni! Siku iliyofuata nikamuuliza, "Mzee, chai au maziwa?"

"Marahaba," akanijibu.

Niliwaomba radhi wanawe, tukaanza upya na vitu vyake mwenyewe: kikombe, kanzu, bao. Zile kadi za picha zilizotoka Uingereza, zenye mtu wa theluji, nimezifungia kabatini.

Kama na wewe uko peke yako kituoni, tafuta mwenzako hata wa mbali. Mimi nina niliyesoma naye, yuko Kampala, tunatumiana sauti kila Jumapili na ananicheka bila huruma. Maharage yahesabiwe kabla ya kufua koti. Mimi mawili nimeyakuta yameanza kuota.

Fomu bado naijaza Ijumaa. Bwana Mdogo ana maneno kumi na kitu, mengi ni magari. Juzi mama yake akaniomba nimgawie maharage, ya kumpelekea bibi yake Bwana Mdogo. Nimempa ishirini.