Vyombo Vitupu vya Jirani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni 2 Wafalme 4:1-7, ila kabla hamjafungua Biblia naomba nianzie uani kwangu.

Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua, Dar es Salaam tukaingia kwenye mgawo. Wenzangu wa Kimara mnakumbuka. Ratiba ilisema lake na bomba likasema lake. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, nasikia dirisha linagongwa: "Jirani! Jirani, amka, maji yametoka!" Ni Mama Pacha wa nyumba ya pili. Nikatoka na khanga moja begani, nikajaza pipa, ndoo nne, diaba la kufulia, sufuria ya pilau, beseni la mtoto, mpaka birika la chai. Maji bado yanakuja kwa kasi, na mimi vyombo vimeniishia. Aliyewahi kukaa kwenye mgawo anajua uchungu wa kulitazama bomba likimwaga na huna pa kukingia.

Mama Pacha akanipitishia madumu matatu juu ya ukuta. Tangi lake lilikuwa limeshajaa. Kila dumu lilikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha, maana vyombo vyake vimezunguka sana kwenye misiba na shughuli za mtaa na bila alama havirudi. "Chukua jirani, mengine yapo," akasema, akaingia ndani kulala.

Sasa niseme ukweli. Wiki moja kabla ya hapo alikuja kuazima ndoo, nikamwambia zote zina maji. Mbili zilikuwa tupu, zimefunikwa kifudifudi nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimnyima kwa sababu ndoo niliyowahi kumwazima ilirudi bila mfuniko. Mfuniko tu.

Turudi kwenye somo. Mama huyu ni mjane wa mmoja wa wana wa manabii, leo tungesema mjane wa mtumishi. Mume amekufa ameacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tunaokaa uswahilini tunalijua jambo hili kwa jina jingine: kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Kwetu wanabeba friji, kitanda na televisheni, mchana kweupe, watu wakichungulia kwenye mapazia. Na Torati ilishaweka adabu ya kudai. Kumbukumbu la Torati 24 inamwambia mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mtu kutwaa rehani, asimame nje mpaka mwenyewe amtolee. Kuna wakusanya marejesho wangefaa kusomewa mistari hiyo, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Mama anamlilia nabii Elisha, naye anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta, basi. Ningekuwa mimi ndiye nabii, ningepitisha kapu la sadaka. Elisha anamtuma kwa majirani zake wote akaombe "vyombo vitupu, wala usitake vichache."

Hapo ndipo nimekwama juma zima. Mama wa watu ana msiba, ana deni, mtaa mzima unajua, huenda hata kisimani anakwenda saa ambazo hakuna mtu. Halafu anaambiwa akapige hodi mlango kwa mlango. Mimi naisikia ile safari:

"Hodi hapa."

"Karibu mwaya. Pole na matatizo."

"Nimeshapoa. Naomba uniazime mtungi."

"Wa kuwekea nini?"

Atajibu nini? Hana cha kuwekea. Na anayeombwa naye anapiga hesabu: huyu anadaiwa, kesho keshokutwa anaweza kuchukuliwa kila kitu, na mtungi wangu ukaondoka humo humo. Mtungi ni udongo, ukigongwa umekwisha. Bado walitoa. Biblia haiwataji hata kwa jina moja. Hawakulipa deni na hawakumpa mafuta, walitoa vitupu tu.

Yeyote aliyewahi kuazima kitu mtaani anajua kwamba hujibiwi kwa siku ile peke yake. Unajibiwa kwa miaka yote uliyokaa pale: msiba wao ulikesha au ulipita kusaini daftari la rambirambi ukaondoka? Kinu ulikirudisha kimeoshwa? Mtoto wao alipopata degedege usiku, ulitoka? Kwa hiyo mimi nadhani vyombo vya yule mjane vilianza kukusanywa zamani sana, kabla mumewe hajafa, kwa mambo madogo ambayo hakuna aliyekuwa anayahesabu.

Kisha wanafunga mlango, mama na wanawe, anamimina yale mafuta ya chupa moja, na chombo baada ya chombo kinajaa. Anasema leteni kingine. Mtoto anajibu, "Hakuna tena chombo." Mafuta yakakoma. Hayakuisha kwenye chupa, yalikosa pa kuingia. Nikisoma hapo naziona zile ndoo zangu mbili kifudifudi nyuma ya mlango, na sijui kama katika mtaa ule palikuwa na mtu kama mimi, aliyesema mitungi yangu yote ina maji.

Waliotoa nao hawakuuona muujiza, maana mlango ulikuwa umefungwa. Labda baada ya siku kadhaa waliona tu mtungi umerudi una harufu ya mafuta. Hilo halijaandikwa, ni mawazo yangu ya jikoni.

Kanisani tunafundishwa kutoa, na ni vyema. Kuomba hatufundishwi. Chumvi ikituishia siku hizi tunaagiza bodaboda, buku ya usafiri kwa pakiti ya mia tano, ili mradi tusigonge geti la jirani. Tunaita kujitegemea. Nabii alimtuma mjane akaombe, na akamsisitiza asiombe vichache, maana alijua atakavyojisikia na kwamba nyumba ya tatu angetamani kugeuza.

Mama Pacha sijawahi kumwomba radhi sawasawa kuhusu zile ndoo. Nilijaribu mara moja, akakatisha maneno akaniuliza mkaa unauzwaje kule sokoni. Yeye ni Mwislamu, mimi mnanijua. Ramadhani futari inapita juu ya ukuta ule kuja kwangu, Krismasi pilau linarudi, na sahani zimechanganyika kiasi kwamba bila ile rangi ya kucha tusingejua ya nani ni ipi.

Jumanne aliniletea kisamvu cha nazi kwenye bakuli lake la bati. Likakaa kwangu siku tatu, nikiona aibu kulirudisha tupu na mwisho wa mwezi ndio huu. Jana nikachuma mchicha kwenye yale magunia yangu ya uani, nikalijaza, nikamtuma kijana wangu.

Amerudi nalo lile lile mkononi, limejaa visheti.