Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa kalamu

Nina banda la kuhamisha video hapa Tanga. Siku moja mama mmoja aliniletea flashi ya GB 16 nimwekee harusi ya mwanawe. Faili lina GB 5, flashi tupu, na bado inagoma. Mafundi wenzangu mnaijua hiyo: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili lililofika baiti 4,294,967,296, yaani 2 kwa kipeo cha 32. Nikaifomati upya kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa zaidi, mama akaenda na harusi yake.

Namba ikanikaa kichwani. Kuisoma, nikakuta ukiiongeza moja tu unapata ile iliyomwangusha Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17. Alianza na 3, 5, 17, 257, 65,537: kila mara toa moja, zidisha kwa yenyewe, rudisha moja. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na zenyewe, akaamini na ya sita ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler akaonyesha kwamba inagawanyika. Hapo nikazima simu. Kigawo nitakitafuta mwenyewe.

Jioni ya kwanza niliipoteza kijinga, nikigawa kwa 3, 7, 11, 13, kurasa tatu za daftari la madeni. Ndipo nikakumbuka dokezo la Euler: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa moja, kinachobaki hugawanyika kwa 64. Basi za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641, 769, na kuendelea.

Wala huhitaji kubeba tarakimu zote kumi, maana namba hii ni 65,536 mara yenyewe, ukaongeza moja. Gawa 65,536 kwa namba unayoijaribu, chukua baki, lizidishe kwa lenyewe, ongeza moja, gawa tena. Ikitoka sifuri, umekipata. 193 ikaniachia 109. 257 ikaacha 2 (hiyo iliniuma). 449 ikaacha 325, 577 ikaacha 288, 641 ikaacha 541, 769 ikaacha 20. Nikafika 1,153, nayo ikagoma. Nikafunga daftari.

Binti yangu wa kidato cha pili akalifungua kesho yake.

“Baba, 154 mara 154 umeandika 23,616. Si 23,716 hiyo?”

Ilikuwa hesabu ya 641. 65,536 kwa 641 inabaki 154. Mara yenyewe 23,716. Ongeza moja, 23,717. Na 641 mara 37 ni 23,717 kamili. Nilikuwa nimekipita kigawo chenyewe kwa kukosea tarakimu moja!

Upande wa pili ukatoka 6,700,417. Nayo ni tasa? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kwa kanuni ileile zilikuwa zimebaki tano tu: 641 yenyewe tena, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Nilifanya ya kwanza, nne akazimaliza yeye. Hakuna iliyoingia.

Sasa anataka ya saba. Ina tarakimu 20.